Mtangazaji wa Sherehe ya Roketi

Bi Samlee, muuza wali wa kunata chini ya kipaza sauti, alimjua mtangazaji kwa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likakakamaa, na kwa ukucha mrefu wa kidole cha mwisho aliougonga kwenye maikrofoni kabla ya kila neno. Kila mwaka kijiji kiliporusha roketi za mianzi kumwomba Phaya Thaen, mungu wa mbinguni, mvua, roketi ya mtu ikigoma kupaa, yeye alishangilia: "Mwenyewe atupwe topeni! Mila ni mila!"

Mwaka huu roketi yake mwenyewe ilikohoa, ikatoa moshi, ikalala. Akagonga maikrofoni. "Ndugu wananchi, mila nazo ziende na wakati." Wanaume wakamfuata. "Jamani, hii ni mila ya wakulima!" mtangazaji akalalama.

"Basi leo tumekuajiri ukulima," Bi Samlee akamjibu, akisogeza vikapu vyake wapate njia.

Mtangazaji akaingia topeni mzima mzima, maikrofoni mkononi. Alipoibuka hakufuta hata uso. Aligonga maikrofoni kwa ukucha uleule, akapuliza, akafungua kinywa. Maikrofoni ikatema tope, ikanyamaza.

Hapo mvua ikashuka. Kumbe Phaya Thaen alikuwa akisubiri mtu huyu amalize kusema.