Kitabu Alichofungia Karanga Zakaria

Harufu ya karanga za kukaanga mpaka leo inanipandisha hasira. Hapa Garland, ughaibuni, nikiikuta dukani, natoka bila kununua nilichofuata. Nakuwa tena na miaka kumi na mitatu, niko kambi ya wakimbizi Tanzania, na baba mdogo Zakaria anachana kitabu. Jina lake nalitaja makusudi.

Kilikuwa kitabu cha Kiingereza, hadithi ya mapenzi ya zamani sana, mali ya jirani yetu Mama Espe aliyesomeshwa na masista. Sisi wasichana tulimenya mihogo uani kwake, naye akisoma na kutugeuzia kwa Kiswahili. Mimi shule niliishia darasa la tatu, lakini nilikielewa kuliko wenye vyeti. Msichana hana kitu, mwanamume ana mashamba yasiyo na mwisho, anataka kumuoa, msichana anasema sitaki. Visu vilisimama. "Amesema nini? Hebu rudia, mama!" Alirudia mara tatu, tukapiga vigelegele kama tuko harusini.

Msimu ule ule wa mvua Zakaria, aliyenichukua baada ya wazazi wangu kuuawa, akaniambia naolewa na mzee mwenye ndevu nyeupe. Nikasema sitaki. "Nani amekufundisha hilo neno?" Niliogopa, nikataja kitabu. Kosa hilo sijajisamehe. Alikwenda kumnyang'anya Mama Espe, na kesho yake sokoni akawa anafungia karanga kwa kurasa zake. Niliwafuata wateja nikiwaomba karatasi wakimaliza kula. Wengine walinipa, wengine walijifutia mikono kwanza. Kurasa za mwisho sikuzipata. Bonifasi, mwenyekiti wa mtaa wetu, aliandika kwamba nina miaka kumi na minane, na mvua haijakatika nikaolewa.

Kitabu chenyewe bado kinapendwa. Binti yangu Diella amekisoma shuleni, na wauguzi wa Kikenya kanisani kwetu wanasimuliana wakimlilia yule tajiri na nyumba yake kubwa. Wanasema ni mapenzi. Mapenzi gani yakae vizazi vyote hivyo? Kimedumu kwa ile sitaki. Diella ndiye aliyenipa mwisho wake: mwanamume anarudi, anamuuliza tena, msichana anakubali. Anamuuliza tena! Mimi sikuulizwa hata mara moja.

Jumapili iliyopita Zakaria aliendesha gari kutoka Houston, kule mtaa wa Alief anakoishi siku hizi na kuitwa mzee wa kanisa, akaja na mwanamume wa kumuoa Diella. Zawadi yake ilikuwa mfuko wa karanga. "Mama yako alikuwa mkaidi," akamwambia mwanangu akicheka, "tukamnyoosha, akanyooka."

Diella hakuinua hata sauti. "No, babu. Sitaki."

Kicheko kikamkauka. Akanigeukia mimi, macho yale yale ya kambini. "Nani amemfundisha hilo neno?"

Safari hii sikutaja kitabu. "Mimi," nikasema, nikamrudishia karanga zake mkononi.