Puto Alilopuliza Baba

Jana jirani kapaka ukuta wake chokaa. Ile harufu, jamani, ikanirudisha Idd ya utotoni! Baba alikuwa akivunja mawe ya chokaa, na vumbi la kifuani mwake lilizidi lililobaki machimboni. Nikampa puto anipulizie. Akavuta pumzi, akakohoa mpaka kuku wa Tanga nzima wakakimbilia Pangani. Wenzangu wakacheka: "Baba'ko kaishiwa upepo kama baiskeli!" Akakazana, mishipa imemtoka, puto likafikia ukubwa wa ndimu, akalifunga. "Haya mwanangu, Idd mubarak!" Mjomba akasema, "Lete nilijaze." Nikaruka nalo: "Sitaki, mjomba! Hili lina pumzi ya baba!" Nikalitembeza mtaa mzima, nikiringa kuliko mwenye gari.