Trekta la Kerenge na Mkwe Asiyesema Hapana

Kilichoniondoa kijijini kwetu Misima ni maneno ya shemeji yangu Mhando. Marehemu mume wangu aliniachia shamba la bondeni, udongo mweusi ambao hata punje ikidondoka kwa bahati mbaya inaota. Misimu miwili mfululizo halikulimwa, kwa sababu trekta la kukodi lilikuwa likija masika yameshapita, na aliyekabidhiwa kazi ya kuliita trekta hilo alikuwa Mhando huyo huyo. Basi kwenye kikao cha ukoo akasimama, akakohoa kidogo kama wafanyavyo watu wanaojiandaa kudhulumu kwa adabu, akasema shamba lisilolimwa ni pori, na pori ni mali ya ukoo. Wazee wakaafiki: masika yakinikuta sijalima, shamba atalichukua yeye. Najua sheria ipo na baraza la kata lipo. Ila mpaka baraza likae, mahindi ya Mhando yangekuwa yameshavunwa, yamekaushwa na kuuzwa.

"Basi nitanunua trekta langu mwenyewe," nikasema.

Wakacheka. Mzee mmoja alivua kofia akapangusia macho. Mhando akaniambia kwa upole, "Shemeji, ungeanza na jembe la mpini." Nikauza mbuzi wote, nikabaki na ulimi, ambao hakuna aliyetaka kuununua.

Kituo cha kwanza kilikuwa Kwamndolwa, pale Korogwe, kwa binti yangu Mwanahawa. Mumewe ni fundi wa magari, na watu wa mjini wanamsifu. Jina lake mimi silitaji; namwita mkwe, naye ananiita mama huku akitazama ukuta. Ndivyo tulivyo kwetu. Mama mkwe na mume wa bintiye hawakai mkeka mmoja, hawali sahani moja, na mkwe hamkatalii mama mkwe neno. Nilipofika alinisalimia akiwa nyuma ya mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe. Kuna trekta linauzwa Kerenge. Twende ukaniangalizie."

"Ndiyo mama."

Nikafurahi. Nilijiambia, hapa nina fundi msikivu. Mtu akiwa mjinga huwa hajui, maana angejua asingekuwa mjinga.

Kerenge tulifika jua limeshawaka. Mwenye trekta ni Mzee Petro, Msambaa aliyeshuka zamani kutoka milimani, na sisi Wazigua na Wasambaa ni watani. Alinipokea vizuri, akanipa kigoda na chai, kisha akaniuliza kama kweli Mzigua anaweza kukaa juu ya kitu kinachotembea asikigeuze kuwa ngoma. Nikamjibu kwamba Msambaa ndiye amelitia trekta bandani mpaka likaota boga. Sikuwa nasema tu. Mmea wa maboga ulikuwa umepanda kwenye gurudumu la nyuma, ukazunguka usukani, na boga zima lilikuwa limekaa mbele ya rejeta. Rangi yake zamani ilikuwa nyekundu. Nyuma lilikuwa na jembe lake la visahani, na kwenye kisanduku cha spana, chini ya kiti, kulikuwa na kuku ameatamia mayai.

"Kuku ni wa trekta," akasema mke wa Mzee Petro. "Ukichukua trekta umchukue na yeye, hapa hatalala kwingine."

"Na trekta lina ugonjwa gani?" nikauliza.

"Halina ugonjwa, mtani," akasema Mzee Petro. "Limelala tu. Ni betri."

Mkwe akainama, akashika feni ya injini kwa mikono miwili, akaivuta. Haikusogea. Akaivuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akanyanyuka, akatazama milima.

"Mimi naona ni betri tu," nikasema, na mimi betri naijua ya tochi. "Au siyo, mkwe?"

"Ndiyo mama."

"Na breki si zipo?"

Akatazama tena milima. "Ndiyo mama."

Tukakubaliana bei, tukapeana mikono, Mzee Petro akaomba dua ndefu ya safari. Nilipaswa kushtuka. Mtu anayekuuzia kitu kizima haombi dua ndefu hivyo.

Njiani kurudi Korogwe tulivutwa kwa mnyororo na lori la mchanga. Juu ya trekta kuna kiti kimoja na madigadi mawili, yale mabati ya kufunika magurudumu, na mimi kukaa kwenye madigadi, goti langu karibu na bega la mkwe, ingekuwa aibu ya kusimuliwa mpaka Handeni mjini. Kwa hiyo mkwe alishika usukani peke yake na kuku wake, mimi nikakaa mbele na dereva wa lori. Mambo yalikwenda vizuri hadi tulipofika mteremkoni. Ng'ombe wa Wamasai wakaingia barabarani, dereva akasimamisha lori, na trekta halikuona sababu ya kusimama. Likatugonga nyuma kwa kishindo, mchanga ukamwagika, boga likapasuka.

Dereva akashuka, akatazama, akamuuliza mkwe, "We fundi, hili dude halina breki?"

"Halina," mkwe akasema.

Nikamgeukia. "Mkwe, si nilikuuliza kule?"

"Ndiyo mama."

Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto, lakini sikuelewa. Nilidhani kijana ana dharau. Kuku alitoa kichwa kwenye kisanduku, akanitazama, akarudi kwenye mayai yake. Katika mali yote niliyonunua siku ile, yeye peke yake ndiye alikuwa kazini.

Kwamndolwa tuliliweka trekta uani, majirani wakaja kulitazama kama wanaokuja kutoa pole. Nikanunua betri mpya, kubwa, ya kuniwashia taa mpaka kaburini. Mkwe akaifunga, akabonyeza, stata ikalia tik, ikanyamaza. Akabonyeza tena, ikatoa moshi.

"Basi ni stata," nikasema.

"Ndiyo mama."

Stata ikapelekwa kutengenezwa, ikarudi, ikalia tik kwa sauti nzuri zaidi. Jirani mmoja, ambaye kazi yake ni kuuza mitumba, akasema tatizo ni pampu ya dizeli. Nikamwambia mkwe afungue pampu. "Ndiyo mama." Akafungua. Mwingine akasema ni nyaya. "Ndiyo mama." Kila asubuhi nilisimama pale na khanga yangu kiunoni nikitoa amri, na kila jioni trekta lilikuwa vipande vingi kuliko jana. Wakati huo mawingu yalikuwa yanajikusanya juu ya Usambara, meusi chini, na upepo ulianza kunuka udongo. Misima walinipigia simu kwamba Mhando ameshatafuta mbegu. Sikula vizuri. Nililiona shamba la marehemu likienda hivi hivi, nami nimesimama uani kwa watu nikibishana na chuma.

Mchana mmoja nilikuwa jikoni na Mwanahawa, tunachambua mboga. Nikaanza kumsema mumewe. Nikasema nimemwoza binti yangu kwa fundi wa kuitikia.

Mwanahawa akaweka ungo chini. "Mama, akukatalie vipi? Wewe si mkwewe?"

"Kazi ni kazi."

"Mimi ananiambia. Tangu Kerenge alijua injini imekwama. Pistoni zimeshikwa na kutu, haizunguki hata ukiifungia betri ya treni. Lakini wewe humuulizi, mama. Wewe unamwambia, halafu unamuuliza kama siyo. Sasa mkwe aseme siyo?"

Nilikaa na mchicha mkononi. Nikayapitia maswali yote niliyomuuliza mkwe kuanzia Kerenge, na kweli hakuna hata moja lililokuwa swali. Nikaona aibu, kisha nikacheka, kisha nikaona aibu tena.

Sasa, kwetu liko jambo moja tu la kufungua mdomo wa mkwe. Mama mkwe anampa mkwe kuku, anachinjwa, na wanakula sahani moja mbele ya watu. Wengi hawalifanyi mpaka wanazeeka, maana ukishalifanya hakuna kurudi, utaambiwa ukweli mpaka unakufa. Mimi sikuwa na muda wa kuzeeka. Nikaenda kwenye kisanduku cha spana. Mayai yalikuwa yameshaanguliwa na vifaranga vimekua vya kujitafutia. Nikamshika yule kuku, nikamwomba radhi, maana alistahili zaidi kuliko trekta.

Jioni ile tulikaa mkeka mmoja, majirani wamejaa uani kushuhudia. Nikammegea firigisi, nikamwambia, "Mkwe, kula. Kisha niambie ukweli."

Akala. Akanywa maji. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu amuoe mwanangu.

"Mama, injini imekwama."

"Nimesikia."

"Betri haikuhitajika bado. Stata tumeiunguza sisi, tungeiacha isingeungua. Pampu ilikuwa nzima, na yule muuza mitumba hajui hata baiskeli."

"Haya."

"Na ukisimama pale asubuhi, mama, unanizibia mwanga."

Majirani wakaangua kicheko. Nilijihisi nimevuliwa khanga, lakini mdomo wake nilishaufungua mwenyewe, kwa kuku wangu mwenyewe. Nikamuuliza swali langu la kwanza la kweli katika safari nzima. "Litapona?"

"Ukikaa kivulini, huenda."

Siku zilizofuata nilikaa kivulini. Mkwe alifungua nozo zinazopulizia dizeli, akamimina dizeli iliyochanganywa na oili ndani ya kila silinda, akaacha inywe. Kisha akaingiza gia ya juu, vijana wakalisukuma trekta mbele, wakalivuta nyuma, mbele, nyuma, na kitu ndani hakikusogea. Akaongeza dizeli. Wakasukuma tena. Mara ikasikika sauti kama ya mtu anayevunja muwa gotini, na ile feni ya Kerenge ikageuka robo. Mkwe akakaa chini kwenye mavumbi akacheka.

Lililobaki lilikuwa kutoa upepo kwenye mipira ya dizeli. Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja abonyeze stata, mwingine alegeze nati mpaka dizeli itoke bila mapovu. Nikapanda kwenye kiti. "Bonyeza," akasema. Nikabonyeza. "Acha. Nimesema acha, mama, husikii?" Kwamndolwa nzima ilisikia mkwe akimfokea mama mkwe wake, na Mwanahawa akaziba mdomo kwa khanga. Mimi nikaacha. Mara ya tatu likapiga chafya, likatoa moshi wa bluu uliofunika mpaka choo cha jirani, likawaka. Nililia, na sikujificha.

Safari ya kurudi ilianza alfajiri, breki zikiwa zimefungwa upya. Tulivuka daraja la Mto Pangani, tukashika njia ya Handeni. Nilikaa kwenye madigadi, nimeshika mkono wa kiti, goti karibu na bega la mkwe. Wanawake waliokuwa wanarudi kisimani walitua ndoo ili wapate kushangaa vizuri. Mmoja akauliza, "Yule si mkwewe?" Nikamwitikia kutoka juu kwamba ndiye, na kwamba tumeshakula kuku. Tulikwenda polepole, oili ikidondoka, mawingu yakitufuata nyuma kama watoza ushuru.

Misima tulimkuta Mhando shambani kwangu na wazee wawili, wanatembea kuonyeshana mipaka. Waliposikia mngurumo walidhani ni lori. Mkwe hakusimama kuwasalimia kwanza. Alishusha visahani, akaingia. Udongo mweusi ukaanza kulala upande mmoja, mstari baada ya mstari, na ndege wakashuka. Mhando alizunguka shamba zima akitafuta kosa, akalipata: kona yenye kichuguu haikuguswa.

"Hapa hapajalimwa," akasema.

Yule mzee aliyevua kofia kwa kucheka akamjibu, "Mhando, kichuguu hata marehemu alikuwa anakizunguka. Shamba limelimwa." Kufikia jioni mvua ilinyesha, ile yenyewe, nzito. Nilisimama ndani yake bila mwavuli na sikuona baridi.

Sasa niseme nilichojifunza, maana mtu akisafiri asijifunze amechosha magurudumu bure. Nimejifunza kwamba heshima isiyoruhusu mtu kusema hapana inaua hata chuma. Ukiona kila mtu anakuitikia, kagua injini.

Jambo la mwisho ni hili. Siku ya pili Mhando alikuja kwangu na sauti ya asali. Mbuzi wangu niliowauza hakuwaulizia. Alimgeukia mkwe, ambaye ni mkwewe pia, kwa kuwa Mwanahawa ni mtoto wa kaka yake Mhando. "Mkwe wangu, kesho utapita na shambani kwangu? Mvua hizi zisinipite."

Mkwe akatazama chini kwa adabu. "Ndiyo baba."

Kesho ilikuja, trekta halikwenda. Mhando akarudi. "Mkwe, kesho?" "Ndiyo baba." Mkwe bado yuko kwangu na trekta, na hadi leo kila asubuhi Mhando anakuja, anaahidiwa, anaondoka ameridhika. Majani shambani kwake yamefika magotini, na wazee wameanza kumkumbusha lile neno lake kuhusu pori.

Kuku wa kumfungua mkwe mdomo Mhando anao tele uani kwake. Hajaniuliza dawa yake, na mimi si mtu wa kumkatiza shemeji maneno.