Shemeji Yangu na Mikataba ya Mataifa

Mdogo wangu aliolewa na mkimbizi. Siku hizo neno lenyewe halikuwa zito kama lilivyokuja kuwa baadaye. Ilikuwa miaka ya sabini, redio ikituambia kila asubuhi kwamba Waafrika wote ni ndugu, na mimi, mwalimu wa shule ya msingi huku mlimani juu ya Moshi, niliwafundisha watoto hivyohivyo na nikaamini.

Shemeji alikuwa tabibu katika zahanati ya shamba la miwa, kule tambarare upande wa Kahe. Alitoka Burundi wakati wa mauaji, akavuka ziwa na shati alilovaa. Ng'ambo hakuna aliyemrudisha. Alipewa blanketi na uji, kisha akapelekwa na wenzake kwenye makazi ya wakimbizi, porini huko magharibi, akapewa shoka na jembe. Wenye shamba la miwa waliposikia kuna tabibu anakata miti porini, walimwombea kibali akaja kuwafanyia kazi. Mdogo wangu alikuwa muuguzi palepale. Yaliyofuata walipatana wenyewe.

Posa ndiyo ilikuwa kazi. Baba yetu alikuwa mkulima wa kahawa, mtu wa kanisa na wa mila, vyote kwa pamoja. Aliuliza, "Nitakunywa mbege ya posa na nani? Huyu hana baba, hana mjomba." Shemeji akaja na wazee wa kuazima: wakata miwa wenzake wa shambani, watu wa Kigoma, ambao lugha yao na yake zinasikilizana. Waliketi kwenye viti vyetu, wamevaa makoti ya kuazimana pia.

"Wakigombana hawa, nitamwita nani?" Baba aliuliza.

Mkubwa wao akajibu, "Utuite sisi, mzee. Pombe yako tutakuwa tumeshainywa, tutakataaje kuja?"

Baba alicheka. Sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kumwona akicheka mbele ya wageni. Basi wakaoana, wakapata watoto wawili, wa kike na wa kiume, wote wamezaliwa hospitali ya misheni huku mlimani na kubatizwa kanisa letu. Jumamosi walipanda kuja kwetu, na shemeji alishika panga akapunguza majani ya migomba kama mtu aliyezaliwa katika kihamba hicho, shamba letu la ukoo.

Kisha likatoka agizo kwamba wakimbizi wote walioko nje ya makazi warudi makazini. Kibali cha shemeji kilikuwa kimekwisha muda wake, na wenye shamba waliambiwa hakitaongezwa.

Tulishuka mjini sisi watatu, yeye, mdogo wangu na mimi, pamoja na mtoto wao wa pili, tukangoja kwenye benchi la ofisi ya serikali mpaka migongo ikauma. Afisa aliyetupokea hakuwa mtu mbaya. Alimwamkia shemeji kwa heshima, akamwita daktari. Ningekuwa na nafuu kama angekuwa mbaya.

Nilimwambia, "Mkataba wa mataifa unasema mkimbizi aruhusiwe kufanya kazi na kuchagua pa kuishi. Nimeusoma, nchi yetu imeusaini."

"Ni kweli, mwalimu. Lakini unamsemea mkimbizi aliyepo nchini kihalali."

"Na huyu?"

"Huyu yuko nje ya makazi bila kibali. Kwa hiyo hayupo kihalali."

"Basi mpeni kibali."

"Siwezi kumpa kibali mtu aliye nje ya makazi."

Mdogo wangu aliuliza habari za watoto. Afisa akasema mtoto hufuata baba. "Wewe ni raia, mama," aliongeza kwa upole kabisa. "Wewe unaweza kubaki."

Mdogo wangu alinyanyuka, akambeba mtoto, akatoka nje.

Katika majuma hayo tuliyokuwa tukipanda na kushuka, wakaja wageni kutoka Ulaya kufanya semina mjini juu ya mikataba hiyo hiyo. Walimu tuliojua Kiingereza tuliitwa tukatafsiri. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba maneno yalipita kinywani bila kunigusa: ukarimu, mshikamano, suluhisho la kudumu. Mgeni mkuu aliisifu Tanzania kuwa mfano kwa dunia. Hilo lilikuwa kweli, na bado naliona hivyo. Nchi maskini ilikuwa imefungua mipaka na kugawa ardhi, wakati nchi zilizoandika mikataba zilituma maziwa ya unga na wageni wa semina.

Maswali yaliporuhusiwa, nikauliza langu, kwanza kwa Kiswahili ili ukumbi usikie, kisha kwa Kiingereza. Nilisema, "Mkataba unamtaka mkimbizi asirudishwe alikokimbia. Sawa. Je, ni nani anamuuliza anataka kuishi vipi huku alikokuja? Na nchi zinazolipia makazi haya, zenyewe zimekubali kupokea wangapi?"

Mgeni alitikisa kichwa kwa huzuni. Alisema ni swali muhimu, kwamba mikataba ni makubaliano baina ya serikali, kwamba hali ya kila mtu peke yake ni ngumu kuizingatia, na kwamba swali langu litaingizwa kwenye taarifa. Kwa kuwa mtafsiri wa zamu nilikuwa mimi, nikasimama nikaueleza ukumbi mzima, kwa Kiswahili fasaha, jinsi nilivyokuwa sijajibiwa. Watu wakapiga makofi. Tukaenda kunywa chai.

Jioni nilimsimulia shemeji, nikiwa nimekasirika kwa niaba yake. Alikuwa anafunga vyombo kwenye sanduku.

"Shemeji, usiutukane sana huo mkataba," alisema. "Bila huo, wangenirudisha ziwani. Uhai huu wamenipatia walioutunga. Ila walipomaliza kunipa uhai, hawakufikiri kwamba nitaoa."

Waliondoka kwa treni. Mdogo wangu alikwenda naye. Hakuna aliyethubutu kumshauri vingine. Baba alishuka mpaka stesheni, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwa mtu yeyote, akawapa chipukizi za migomba zilizofungwa kwenye gunia lililoloweshwa. Wale wazee wa kuazima nao walikuwepo, na mkubwa wao ndiye aliyelia.

Barua zilikuja kwa taabu. Shemeji alipewa zahanati ya makazi, na humo akawa na kazi zaidi ya shamba la miwa. Mahindi yalistawi. Wageni walifika na kamera, wakapiga picha ghala lililojaa. Kila kitu kilikuwepo, aliandika mdogo wangu, isipokuwa njia ya kutoka bila kumwomba mkuu wa makazi. Migomba ilishika, lakini ndizi zake zilikuwa ndogo, na watoto walisema hawazipendi.

Baba alifariki mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati wa kuvuna kahawa. Tulipeleka simu ya maandishi siku hiyo hiyo. Tulichelewesha mazishi kadiri maiti na mapadri walivyoruhusu, kisha tukamzika katika kihamba chake bila binti yake mdogo.

Alifika wageni wakiwa wameshatawanyika, bibi zetu wawili tu wamebaki jikoni. Nilimwona akipita kwenye mfereji wa maji, mwembamba, kitenge kimejaa vumbi, mtoto hata mmoja hayupo naye. Aliwaamkia bibi, shikamoo, shikamoo, kisha akasimama mbele ya kaburi.

"Mkuu wa makazi alikuwa safarini," aliniambia. "Msaidizi wake hakuwa na mamlaka ya kutia saini. Nikamwambia mimi si mkimbizi, mimi ni Mtanzania, nakwenda kumzika baba yangu. Akasema kama si mkimbizi, nilikuwa nafanya nini mle ndani? Nikangoja mpaka mkubwa wake aliporudi akanisainia."

"Na watoto?"

"Walinyimwa. Walisema marehemu si ndugu yao wa karibu."

Mama alisikia hayo akiwa mlangoni. Aliingia ndani, akatoka na koti la Baba la Jumapili, akamwekea mdogo wangu mapajani ampelekee mwanawe wa kiume, ingawa kijana alikuwa bado hajafikia urefu wake.

Tulikaa pamoja kidogo tu. Alichambua kahawa na sisi, akaniuliza nani ameolewa, nani ana ugomvi wa mpaka na nani. Alianza kulala vizuri, na rangi ya uso ikaanza kumrudia. Lakini kibali chake cha kutoka makazini kilikuwa kinakwisha, na watoto walikuwa upande wa pili wa kizuizi cha makazi, kwa hiyo hakungoja misa ya arobaini.