Mluzi wa Gari la Ilunga

Harufu ya chisense haitoki. Sisi tuliokulia Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, tunajua kwamba dagaa hao wadogo wakishaingia kwenye nguo, kwenye godoro au kwenye kiti cha gari, wamehamia. Gari la baba mkubwa Ilunga lilinuka chisense tangu boneti hadi buti. Ukifunua turubai lililolifunika nyuma ya nyumba yetu, harufu ya samaki ilikujia kwanza, kisha ya petroli, kisha ya sponji kuukuu, na chini ya hizo zote kulikuwa na harufu ya maji ya ziwa, mabichi, kana kwamba mtu ametoka kuogelea akakaa humo bila kujifuta. Hiyo ya mwisho ilinisumbua, maana gari lile halikuwahi kuingia majini. Mwenyewe ndiye aliyeingia. Nilikuwa msichana wa miaka kumi hivi, na sikupenda kulifunua turubai lile peke yangu, hata jua likiwa utosini.

Baba mkubwa Ilunga alikuwa kaka wa baba yangu, tumbo moja, lakini ungewaweka pamoja usingesema. Yeye alikuwa mrefu, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa na mkono usiokosa pipi za watoto. Gari lake lilikuwa jeusi, la Kijapani, la milango minne. Kwa nje ungelidhani la mwalimu mkuu, kumbe chini ya boneti kulikuwa na injini ya turbo iliyoundwa kwa ajili ya watu wenye haraka, na Ilunga alikuwa na haraka tangu kuzaliwa. Alipeleka wagonjwa Mansa, alipeleka maharusi, alipeleka samaki wabichi kabla barafu haijayeyuka. Kila alipoinua mguu kwenye mafuta, turbo ilipiga mluzi mrefu ulioshuka taratibu, na watu wa barabara ya ziwani walisema bila kugeuka, "Ilunga huyo anapita." Siku turbo ilipokufa, alilisukuma gari hadi uani kwetu, akapanda mtumbwi kwenda ng'ambo ya Kongo kutafuta nyingine. Upepo uliinuka mchana. Mtumbwi ulionekana siku chache baadaye ukielea umepinduka, lakini watu wake hawakuonekana.

Hapo ndipo mambo yalipofungika fundo. Kwetu ziwani, mtu akifa, kilio kikiisha ndugu hukaa na kumchagua mmoja wa ukoo arithi jina lake. Tunaita kupyana. Mrithi huketishwa juu ya mkeka mpya, hunyweshwa maji, huvishwa ushanga mweupe, na akiinuka hapo yeye ndiye marehemu: watoto wa marehemu humwita baba, mama wa marehemu humwita mwanangu. Baada ya hapo ndipo vitu vya marehemu huguswa, vikagawiwa, vikatumika. Kabla ya mkeka, vitu vinalala. Sasa Nkambo, yaani bibi yangu, aliyezaliwa ng'ambo na kuzungumza Kiswahili cha ng'ambo mpaka kufa kwake, alikataa mkeka katakata. "Ziwa bado kunirudishia mutu wangu," alisema. "Batu bakipyana yeye, akirudi atakaa wapi?" Nani angemjibu mama? Miaka miwili ikapita. Jina la Ilunga halikuwa na mtu, na gari lilikaa uani, magurudumu yakizama mchangani.

Baba yangu, Mateyo, alikuwa fundi cherehani sokoni na mwimbaji wa sauti ya chini kanisani. Alikuwa mfupi, mpole, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, lakini nani angejua? Jumamosi moja alivua shati, akaondoa turubai, akaanza kukwangua kutu. Mama alipomwuliza anafanya nini, alijibu kwamba mikono inamwasha tu, kuna wanaume wanaocheza bao na yeye atacheza na gari. Hakujua lolote kuhusu injini, kwa hiyo alilifungua gari kama anavyofungua koti la mteja ili alishone upya. Kila nati aliyoitoa aliifunga kwenye kipande cha kitambaa: chitenge chekundu kwa vitu vya kulia, cha bluu kwa vya kushoto, kitambaa cha sare za shule kwa vya chini. Mimi ndiye niliyekata vitambaa na kuvipanga juu ya busati, na asikudanganye mtu, nilikuwa na furaha. Baba hakuwahi kuwa wangu kiasi kile. Tulipiga msasa milango mpaka vidole vikalainika, tulishona viti upya kwa ngozi bandia, tukaziba matundu ya kutu. Haba na haba hujaza kibaba. Turbo aliifungua mwenyewe, kisha akaifunga kwenye blanketi la mtoto na kuipeleka Mansa kwa basi dogo ikiwa mapajani mwake, ikarudi imepona.

Kilichoniogofya kwanza ni kiti cha dereva. Baba, kwa ufupi wake, alilazimika kukivuta mbele kabisa ili miguu ifikie breki. Jioni alikiacha mbele. Asubuhi tulikikuta nyuma, mwisho wa reli, mahali pa miguu ya Ilunga. Alisema reli imelika, akaibadilisha. Kikarudi nyuma. Akakifunga kwa waya, na tulipokuta waya umelala sakafuni, haukukatwa bali umefunguliwa, baba aliuokota. Aliupinda akautia mfukoni. Mimi si mtu wa mizimu. Namwamini Mungu na namwamini fundi mwenye kipimo. Lakini wiki ile niliacha kukata vitambaa nikiwa nimeupa mgongo mlango wa gari. Halafu mambo yakazidi kuwa ya ajabu, kwa sababu kiti kiliacha kusogea. Kilibaki nyuma, na baba akawa anakaa humo vilevile, mgongo umelala, na miguu yake inafika kwenye breki bila shida. Nilimtazama nikidhani nimeona vibaya. Mama naye alilalamika kwamba suruali zote za mumewe zimemfupia, akailaumu sabuni.

Gari liliwaka alasiri moja ya kiangazi. Lilitoa moshi, likakohoa, likatulia. Baba akaniambia nipande tukalijaribu mpaka Kabuta, vile vijiji vya wavuvi vilivyo kando ya barabara ya ziwa. Nilikaa mbele, nimeshika kiti kwa mikono miwili. Tulipotoka mjini alikanyaga mafuta kama mtu nisiyewahi kumjua, kisha akainua mguu, na mluzi ukatoka, mrefu, ukishuka taratibu. Mbele yetu wanaume waliobeba samaki kwenye baiskeli waliingia majanini wote kwa pamoja. Mzee mmoja alivua kofia. Mwanamke aliyekuwa akianika chisense alisimama na ungo mikononi, mdomo wazi, na samaki wakamwagika mchangani asiwaokote. Niligeuka kumwangalia baba nikidhani ataona aibu, maana kwa kawaida alikuwa mtu wa kuona aibu. Alikuwa akitabasamu.

Mke wa marehemu, Mama Chisha, aliishi Kabuta. Hatukuwa tumepeleka habari kwake. Hakuna aliyejua tunakuja, hata mimi sikujua tutasimama hapo. Tulipofika, beseni la maji ya kuoga lilikuwa limetengwa nyuma ya uzio likitoa mvuke, taulo limetundikwa, na bukari, yaani ugali wetu, imefunikwa kwenye sahani juu ya kigoda. Alikuwa amesikia mluzi tangu mbali akafanya kama alivyofanya miaka yote. Alisimama mlangoni akikausha mikono kwenye chitenge, wala hakulia, wala hakushangaa.

"Umekawia," alisema. "Mayi inaanza kupoa."

Nilingoja baba aseme, shemeji, ni mimi, Mateyo. Ilikuwa rahisi namna hiyo. Hakusema. Aliinama mlangoni alipoingia, yeye ambaye mlango ule ulimpita kwa shubiri nzima, akanawa, akaketi, akala. Chisha, binamu yangu, alikuja mbio akamwuliza, "Baba, umeniletea nini?" na baba akatia mkono mfukoni akatoa pipi. Sikuwahi kumwona baba akinunua pipi maishani mwake. Nilimshika mkono nikamwambia, "Baba, twende nyumbani." Hakugeuka. Nikaita tena kwa nguvu, nikilia sasa, naye akanitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani aliyepotea njia. Muda ulipita kabla uso wake haujanirudia. "Kunda," alisema hatimaye, kwa shida, kama anayesoma jina langu kutoka mbali. Njia nzima ya kurudi sikuthubutu kukiangalia kiti chake.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sokoni wakaanza kumwita Ilunga, kwanza kwa utani, kisha bila utani, naye aliitika papo hapo. Ukimwita Mateyo, ulirudia. Alianza kucheka kile kicheko cha kuamsha mtaa. Kanisani sauti ya chini ilimpotea, akawa anaimba juu na wenye kuimba juu. Mama alivumilia kama wanawake wanavyovumilia, kisha siku moja akafunga kitambaa kichwani, akanishika mkono, tukaenda kwa Nkambo. Baba tulimkuta huko, amekaa na mama yake.

"Mi niliolewa na Mateyo," mama alisema akiwa bado amesimama. "Ule mwanaume anarudi ku nyumba yangu, mi simujui."

Nkambo alimgeukia mwanawe. "Uliamusha vitu vya mutu na jina yake iko inalala bado," alimwambia. "Sasa batu banaita. Nani atajibu?"

"Mama, mi nilitengeneza gari tu."

"Bon. Na gari iko inakutengeneza weye." Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka miwili: aliweka mikono kichwani akaomboleza. Alilia kilio chote alichokuwa amekinyima ziwa. Watu walikuja kutoka kila upande, nasi tukajua kwamba Ilunga amekufa.

Wazee walisema dawa ni moja, jina lipewe kiti, lisiendelee kutangatanga ndani ya mtu asiyelipokea rasmi. Mama aliweka sharti moja, jina tu, si nyumba ya Kabuta wala mke aliyemo, na mwalimu wa dini aliyekuja kusali akamwunga mkono. Mama Chisha mwenyewe alikubali, alitaka tu kuacha kuchemsha maji. Basi mkeka ukatandikwa. Nilisimama nyuma ya mama nikiomba baba akatae, au amwage maji, au aniangalie tu. Alikunywa kikombe chote. Nkambo alimvika ushanga mweupe akamwita mwanangu Ilunga, na baba aliposema "naam" vigelegele vilipasuka. Kila mtu alifurahi isipokuwa mama na mimi.

Sitamsingizia. Tangu siku ile kiti kilitulia, harufu ya maji ikatoka garini, na hofu ikaniisha. Alirudi cherehanini, alinisomesha, alinifundisha kushona na kuendesha. Alikuwa baba mwema kwangu na kwa Chisha. Ila alikuwa Ilunga kwa dunia nzima, na nyumbani mama alimwita "we mwenyewe" au "baba wa watoto". Vitu vya Mateyo, ule upole, ile sauti ya chini, vilikwenda mahali nisipopajua, na mimi nilikuwa nikivililia huku mwenyewe yuko hai, amekaa mbele yangu anakula. Watu wangenielewaje? Nani hulilia mtu aliyepo?

Baba amefariki mwaka huu, mvua zilipokatika. Nimetoka Mansa, ninakoshona, kwa basi lililojaa vijana wenye simu masikioni. Barabara ya ziwani siku hizi ina magari mengi kiasi kwamba hakuna anayejua la nani linapita, na kule Kenani, walikopokelewa wakimbizi wa ng'ambo, wamo watoto wanaozungumza kama Nkambo bila kujua mambo yetu haya. Zamani jina moja lilitosha kuwatia majanini wanaume wazima. Leo nilidhani wazee hawatakumbuka hata mkeka. Walikumbuka. Walikaa, wakashauriana, wakamchagua kijana wa shangazi yetu apyane Ilunga, akanywa maji, akapewa ushanga na ufunguo wa gari. Vigelegele vilipigwa. Kisha wakaanza kuukunja mkeka.

"Na Mateyo?" niliuliza.

"Mateyo?" alisema mzee mmoja, kwa wema kabisa. "Ule si alikuwa Ilunga?"

Niliwaambia wautandike tena. Walisema mwanamke hapyani jina la mwanamume. Nikasema basi mwanamume aliye tayari ajitokeze, nikangoja. Hakuna aliyejitokeza. Nilivua viatu nikakaa. Shangazi alisitasita na kikombe mkononi, halafu akanipa, nami nikanywa maji yote, yalikuwa ya uvuguvugu na yenye ladha ya ndoo. Hakuna aliyepiga kigelegele. Niliinuka, nikaona aibu, nikageuka kwenda kukaa peke yangu nyuma ya nyumba.

Mama alikuwa jikoni na wapakuaji, akisikia yote. Ni mzee sasa, macho yake hayaoni mbali, na jina hilo la mumewe hakuwa amelitamka tangu mkeka wa kwanza. Aliinua sahani ya bukari juu kidogo ili niione.

"Mateyo," alisema. "Kuya ukule."

Nikaitika.