Natércia wa Mikunguni, Aliyerudisha Ndiyo ya Watu

Alizaliwa mwaka 1971 huko Alto Molócuè, katika mkoa wa Zambézia, mtoto wa tatu wa Germano, fundi wa kushona nguo, na mkewe Gracinda. Alibatizwa kwa jina la Natércia. Tunaandika maisha yake kwa shukrani, tukiliachia Kanisa hukumu iliyo yake. Sisi tuliomfahamu hatuna haja ya kumpamba. Alikuwa mfupi, mwepesi wa kucheka, na sauti yake ya kuimba ilikuwa mbaya kiasi kwamba kwaya ilimwomba kwa heshima zote ashughulike na maua ya altare. Utoto wake ulipita katika vita. Wito ulimjia akiwa na miaka kumi na minne, alipomwona mtawa mkunga akimpokea mtoto wa mwanamke aliyefika mbio kutoka porini, wala hakumwuliza yuko upande gani. Mtawa alimfunga mtoto kwa kitenge chake mwenyewe, akaendelea na kazi. Siku ile Natércia alimwambia mama yake kwamba atakuwa muuguzi, na akawa.

Mwaka 2004 serikali ilimpeleka kaskazini ya mbali, kwenye kituo kidogo cha afya cha Mikunguni, kijiji cha wavuvi na wakulima wa minazi upande wa Olumbi. Wakristo hapo walikuwa wachache, watumishi wa serikali watupu, wakisali Jumapili katika darasa la shule. Kiswahili alifundishwa na jirani yake Bi Zaida, mama wa Kiislamu aliyemcheka kila alipokosea na kumpelekea futari kila Ramadhani. Imani ya Natércia haikuwa ya kutangaza. Alipomwambia mama mjamzito “nitakuja,” alikuja, hata kama mvua imekata njia. Aliposema dawa zimekwisha, zilikuwa zimekwisha kweli, wala hapakuwa na pakiti iliyofichwa kwa ajili ya rafiki. Hivyo watu wakazoea kuliamini neno lake bila kuuliza mara mbili. Kila mwezi alipita mitaani akitangaza konsulta, yaani siku ya kupima watoto na wajawazito. Neno hilo la Kireno likawa mali ya kijiji: mama akisikia konsulta, hubeba mtoto mgongoni na kadi mkononi, akaenda.

Ndipo ikaja habari ya gesi iliyovumbuliwa chini ya bahari. Helikopta zikazidi ndege, nyumba za wageni za mji wa Palma zikajaa, na mwaka 2013 ikajulikana kwamba ardhi ya Mikunguni ingehitajika. Sheria ilidai wenyeji waulizwe kwanza. Aliyepewa kazi hiyo alikuwa ofisa mmoja aliyeitwa Valter, mtu wa kusini, si mbaya, ila mwenye haraka. Alimwambia Natércia, “Dona, watangazie watu wako. Alhamisi kuna konsulta.” Naye akatangaza. Hakujua kwamba katika Kireno cha ofisini mkutano wa kuwauliza watu habari ya ardhi nao huitwa konsulta. Wala hakuuliza, na hilo ndilo kosa lake.

Alhamisi hiyo alikuwa ndani akizalisha. Uwanjani mkalimani kutoka mbali alisoma maneno mengi, kisha akauliza, “Je, mnaikubali konsulta hii?” Nani angeikataa? Mikono ilipanda yote, na vigelegele vikafika hadi chumbani. Wageni walipoondoka, akina mama walijipanga mlangoni kwa Natércia na watoto wao. Nadia, mke wa Rajabo mvuvi, alikuwa wa kwanza. “Dona, hao shefe, wakubwa hao, wamesema mno, jua lote kichwani,” alisema. “Haya, tupimie watoto.” Natércia akaelewa: watu walikuwa wamenyosha mikono kwa ajili ya kupimiwa watoto, na wageni wameondoka na ndiyo ya ardhi. Aliwapima watoto wote huku machozi yanamtoka, na akina mama wakadhani anaumwa.

Alimwendea Valter siku ya pili, akamweleza. Valter alicheka, kisha akaacha. Wakubwa kutoka Pemba, makao makuu ya mkoa, walikuwa wanakuja wiki iliyofuata kuthibitisha, na alitaka Natércia, kwa kuwa anaaminiwa, asimame aseme kwamba watu wamekubali. “Ile nyumba ya kujifungulia unayoiomba miaka yote imo kwenye mpango,” alimwambia. “Ukivuruga, haimo. Nawe hutakaa hapa.” Alijua pa kugusa. Mwaka huohuo Nazira, binti wa Bi Zaida, alikuwa amefariki njiani kupelekwa Palma, mtoto hajatoka, na Natércia alikuwa ameushika mkono wake hadi ulipopoa. Kwa ndiyo moja, wangapi wangeokoka? Alisali na kufunga, wala hakupata amani. Mwishowe alikwenda kwa Bi Zaida, akamwambia yote.

“Nazira wangu kalala kwenye makaburi hayohayo wanayoyataka, mwanangu,” alisema Bi Zaida. “Nyumba hiyo mie naitaka kuliko wewe. Lakini usininunulie kwa mdomo wangu, nami sijaufungua.”

Siku ilipofika, Natércia alisimama mbele ya wakubwa, akisema Kiswahili kwanza na Kireno baadaye. “Waheshimiwa, watu hawa waliitikia sauti yangu. Niliwaita konsulta, wakaja watoto wao wapimwe. Ndiyo yao walinipa mimi, wala siyo ya ardhi. Siwezi kuwapa ninyi kitu ambacho sikupewa. Mnisamehe ninyi, na kijiji kinisamehe.” Kisha Rajabo akainuka, ameshika kofia. “Ala! Kumbe siku ile tuliulizwa minazi?” Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka wote kwa pamoja, maana walianza kufahamu. Wakubwa waliagiza mkutano urudiwe.

Kabla ya mwezi kwisha Natércia alihamishiwa Namoto, kwenye mlango wa mto Rovuma. Majaribu hayakuishia hapo: Wakristo wenzake, wakihofia vibarua vyao, walimkwepa, na Jumapili yake ya mwisho Mikunguni alikaa benchi peke yake. Hakumsema yeyote. Huko Namoto aliwatibu wavuvi na wachuuzi wa pande zote mbili za mpaka. Mikunguni nako waliulizwa upya, kwa Kiswahili, shamba kwa shamba na kaburi kwa kaburi. Wapo waliokubali, wapo waliokataa, na si yote waliyoyadai waliyapata. Lakini mtu wa kwanza kusema alikuwa Bi Zaida, naye alidai nyumba ya kujifungulia ijengwe kabla mtu yeyote hajahama. Ikajengwa, vyumba viwili. Natércia alipoletewa habari alipiga magoti palepale kwenye mchanga. “Mungu asifiwe,” alisema. “Wamejisemea wenyewe.”

Alifariki Namoto mwezi wa Agosti 2016, kwa ugonjwa wa ini, akiwa na miaka arobaini na mitano. Akina mama wa Mikunguni walikodi gari, wakaja na kukaa matanga pamoja na Wakristo. Valter naye alikuja. Alishika koleo, akafukia, machozi yakimtoka bila kujificha. Husimuliwa pia kwamba Nadia alipokwama katika uchungu mwaka uliofuata, na muuguzi mpya amekata tamaa, Bi Zaida alimwomba Mungu kwa ajili ya ukweli wa yule mtumishi wake wa Zambézia, na mtoto akazaliwa salama. Sisi hatulipimi jambo hilo, tunalishukuru. Rajabo, baba yake, alitaka mtoto aitwe Natércia. Mwalimu Chamsudine wa madrasa alipoulizwa kama jina hilo linafaa, alijibu kwamba jina la mtu mkweli halimdhuru mtoto wa Kiislamu.

Tumshukuru basi Mungu aliyetupatia dada huyu, na tumfuate katika mambo yetu ya kila siku, dukani, kazini na nyumbani. Ndiyo ya mchumba, ya mteja, ya mzazi mzee asiyesikia vizuri, tusiichukue kwa haraka. Tumuulize kwa lugha yake na tungoje ajibu; naye akisema hapana, tumshukuru vilevile.