Watu wa Chini ya Kasungami

Maji yanapoingia kwenye dumu tupu hupiga kelele nzito, kisha sauti huzidi kuwa nyembamba kadiri dumu linavyojaa. Sisi tuliokulia Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi, tunaweza kufumba macho na kukwambia limebaki kiasi gani. Kiangazi kile nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baridi ya asubuhi ilituuma vidole, moshi wa makaa ulitanda juu ya bustani za mboga, na bomba pekee la mtaa lilitoa maji ya kuhesabu. Wasichana tulipanga madumu yetu mstari mrefu tukasubiri, na hadithi za kusubiria zilikuwa zangu. Mjomba wangu aliishi mtaa wa Golf, kwenye majumba ya wenye nafasi, na Jumapili baada ya misa aliniita nitazame filamu za anga: vyombo vinavyomeremeta, roboti, watu wenye nguo za kubana za rangi ya fedha. Jumatatu nilizisimulia bombani, nikitia chumvi nyingi, na mdogo wangu Ngoie, mwenye miaka saba, alikaa miguuni pangu bila kupepesa macho.

Kisha akaja Mwamini. Baba yake alikuwa fundi cherehani, Mwislamu mwenye asili ya Maniema, na kwao hakukuwa na televisheni. Nilimzidi mwaka mmoja tu, lakini aliniita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa, na heshima ile ilinikera zaidi ya matusi. Siku moja nilipokuwa nimenyamaza ninywe maji, akaanza kusimulia ya kwake. Katika miaka ijayo, alisema, ardhi ya Kasungami itakuwa imechimbwa mpaka imebaki ganda, na mama akitwanga sombe, majani ya muhogo, atasikia mtu mwingine akitwanga chini yake. Huko chini wanaishi wajukuu wa wachimbaji ambao hawakupanda tena juu. Hawajawahi kuona jua, nao wanabishana kama lipo. Basi msichana mmoja anafungwa kamba ateremke kuwaambia. Msichana huyo akampa jina la Ngoie.

Nilimwonea wivu, sina neno jingine. Nilimwonea wivu kwa sababu hakuhitaji mjomba wala filamu. Nilimwonea wivu kwa sababu kesho yake Ngoie alihamia kwake, akakaa juu ya dumu lake, na nilipomwita alisema anasikia vizuri pale alipo. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni yule mtoto. Roboti zangu hazikupata tena msikilizaji. Wasichana wakaweka sheria kwamba hadithi ya Mwamini inakoma dumu lake likijaa, kwa hiyo wote walipigania kuchota kabla yake ili awe wa mwisho, nao walibaki palepale na madumu yao yamejaa, wakisikiliza.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, baba yake Mwamini aliamua kuhamia Kilwa, si ile ya pwani bali ya kwenye ziwa Mweru. Asubuhi ya mwisho Mwamini aliteremsha kamba ya hadithi yake taratibu kuliko siku zote. Msichana akakanyaga chini, watu wa giza wakamzunguka, wakamwuliza kama jua lipo. Dumu la Mwamini lilikuwa halijafika hata nusu. Ngoie alikuwa ameshika mashavu kwa mikono miwili. Nikainua dumu langu lililojaa, nikamimina maji yangu yote ndani ya lile la Mwamini mpaka yakafurika. Mwamini akalitazama, akafunga kifuniko, akajitwisha, akaenda. Ngoie alilia njia nzima, na kwa wiki mbili hakutaka kulala kitanda kimoja nami.

Siku hizi ninaandika riwaya za kisayansi. Ninaalikwa kwenye mijadala ya mtandaoni ambako tunabishana kama akili bandia zitatunyang'anya kalamu, na kwa nini katika filamu za wengine nchi yetu ni shimo la kobalti tu na si mahali ambapo watu wataishi kesho. Wenzangu wanasema mustakabali uanzie kwenye udongo wetu, nao wanapigiwa makofi kana kwamba ni jambo jipya. Ninanuna. Mwamini aliyasema hayo bombani akiwa na miaka kumi, na riwaya niliyo nayo mezani mwaka wa nne sasa ni ya watu wake wa chini. Haina mwisho. Mwezi uliopita nilimeza kiburi, nikaitafuta namba yake kwa shangazi yake, nikampigia simu huko Kilwa anakouza samaki. Nikamwungamia yote, maji na wivu.

"Ile siku sikukuwa na mwisho, yaya," akasema. "Nilikuwa naomba Mungu bido yangu ya maji ijae mbio. Weye njo uliniokoa." Kisha akauliza, kwa mshangao wa kweli: "Alors, tulikuwa tunashindana?"

Nikamwomba basi anipe mwisho sasa, kama anao.

"Iko," akasema. "Lakini ilikuwa ya Ngoie. Umupatie simu, nimumalizie."

Ngoie alikuwa amekuja kunitembelea na wanawe. Nikampa simu. Akatoka nayo uani, akaufunga mlango nyuma yake, na kupitia dirishani nilimwona mwanamke mzima ameshika shavu kwa mkono mmoja, anasikiliza, kisha anafuta machozi huku anacheka. Zamani nilijaribu kuuzuia mwisho usimfikie. Leo anao yeye, na mimi sina. Nimemwuliza mara tatu. Anasema niandike wa kwangu.